Kishikio, Waya na Mfumbano: Istilahi za Upangaji wa Meno

Mtu aliyewekewa vyuma kinywani ili meno yake yapangike, aghalabu husemwa kuwa "ametia waya". Wengine husema "amefunga vyuma". Katika karatasi za maelezo wanazopewa wagonjwa limepata kuonekana pia neno la tatu, nalo ni "mabano". Asili ya neno hili la tatu haifichiki. Mfasiri alikuta neno la Kiingereza lenye maana nyingi, akafungua kamusi, akachukua maana ya kwanza iliyomkabili, yaani zile alama mbili ambazo mwandishi huzitumia kutenga maneno ya pembeni. Basi mzazi huarifiwa kwamba mwanawe atabandikwa mabano ishirini, naye akabaki kujiuliza ni sentensi gani itakayoandikwa mdomoni mwa mtoto.

Hatulileti jambo hili ili tumcheke mfasiri. Matibabu haya huchukua kwa kawaida mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na pengine zaidi, yana gharama, tena huhitaji saini ya mzazi katika hati ya ridhaa. Mwenye kutia saini hana kitu cha kumwongoza ila maneno aliyoandikiwa. Kwa hiyo tumeona vema kueleza kwanza jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi, na kila tunapofika mahali panapohitaji neno, tulitafute neno hilo hapo hapo. Huo ndio utaratibu tunaoupendelea katika kuunda istilahi: kitu kwanza, neno baadaye.

Tuanze na kile kipande kidogo cha chuma, au cha kauri, kinachobandikwa juu ya jino. Watu wengi hudhani kwamba kipande hicho ndicho kinachovuta jino. Sivyo. Chenyewe hakina nguvu yoyote. Mbele yake kimechongwa ufa mwembamba, na ndani ya ufa huo hupitishwa waya uliopindwa kwa umbo la tao. Waya ulazimishwapo kuingia katika nyufa za meno yaliyokaa kombo, hupindika. Na kwa kuwa ni wa namna ya springi, hutaka kurudi katika umbo lake la awali. Katika kurudi huko ndiko unakoyachukua meno. Kipande kilichobandikwa ni mahali pa kulishikia jino tu, kama vile kikombe kinavyoshikwa kwa mkono wake na mlango kwa kishikio chake.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kiitwe kishikio. Yamo maneno mengine yaliyofikiriwa. "Kibano" lina sauti nzuri, lakini kibano hubana, na kipande hiki hakibani kitu. "Kishikizo" lingefaa lisingekuwa tayari limeshughulishwa na nguo. "Breketi" ni rahisi kwa daktari aliyesoma kwa Kiingereza, ila halimwambii mzazi lolote. Kishikio ni neno ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua, na faida yake kubwa ni kwamba linasema kweli: linatufahamisha kwamba nguvu haimo humo. Ule ufa tungependa uitwe mfuo, neno lililomo katika lugha kwa maana ya mchirizi uliochimbwa juu ya kitu kigumu. Waya wenyewe uitwe waya wa tao, kwa kuwa safu ya meno ya juu na ya chini, kila moja, ni tao. Na kile kipete cha mpira au kiuzi cha chuma kinachouzuia waya usichomoke katika mfuo, kiitwe kifungio.

Umbo la kishikio tulijualo leo ni la Edward H. Angle wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1855 na kufariki mwaka 1930. Yeye alibuni vyombo kadha wa kadha kabla ya kufikia kile alichokieleza katika maandishi yake ya mwaka 1928: kishikio chenye mfuo uliolala, ulio wazi upande wa midomo, na wenye pembe za mraba, kimo chake inchi 0.022 na kina chake inchi 0.028. Kimo hicho ni kiasi cha milimita 0.56. Ndani yake huingia waya ambao nao si wa mviringo bali una pande nne. Hapo ndipo ulipo werevu wa jambo lenyewe. Waya wa mviringo ndani ya mfuo waweza kulisukuma jino mbele au nyuma, juu au chini, lakini hauwezi kuugeuza mzizi wake upendavyo, kwani unajizungukia tu mahali pake. Waya wenye pande nne ukisokotwa kidogo na kutiwa katika mfuo wa pande nne, humsokota na mwenzake, na jino lote hufuata, mzizi kwa taji.

Ama kuhusu jino linavyosafiri ndani ya mfupa, hapa pana neno moja linaloleta madhara. Jino halikupigiliwa katika taya kama msumari katika ubao. Kati ya mzizi na mfupa pana utando wa nyuzinyuzi wenye unene wa kiasi cha robo ya milimita hivi, nao una damu na seli hai. Jino likisukumwa upande mmoja, utando wa upande ule hubanwa na wa upande wa pili hunyooshwa. Panapobanwa, huja seli zinazokula mfupa. Panapovutwa, huja seli zinazojenga mfupa mpya. Kwa hiyo jino halipasui njia. Hupishwa njia, mwendo wa kiasi cha milimita moja kwa mwezi. Nguvu ikizidi, mishipa midogo ya damu katika utando huzibwa, seli za mahali hapo hufa, na jino husimama badala ya kwenda. Zaidi ya hapo, mzizi wenyewe waweza kuanza kuliwa na kufupika.

Sasa tazama karatasi za maelezo. Mgonjwa huandikiwa arudi kila baada ya wiki kadhaa ili "akazwe waya". Neno hili limetoka katika mazungumzo ya Kiingereza, na katika Kiswahili limechukua sura ya nati na bolti: kinachokazwa zaidi ndicho kilicho imara zaidi. Mzazi aliyesoma "kukaza" atamwomba daktari akaze sana ili kazi iishe upesi, na mtoto asiyesikia maumivu atadhani hakutendewa kitu. Kumbe daktari anayetumia nguvu ndogo ndiye anayekwenda haraka. Tunashauri neno "kukaza" liachwe kabisa katika maandishi ya namna hii, na mahali pake pawekwe "kurekebisha waya" au, ikiwa ndivyo ilivyo, "kubadili waya". Katika kazi nyingi za siku hizi hilo la pili ndilo sahihi zaidi: huanzwa na waya mwembamba wa mviringo, uliotengenezwa kwa nikeli na titani, unaopindika sana bila kupoteza umbo lake, kisha hufuatwa na waya mnene zaidi, na mwishoni huja ule wa chuma cha pua wenye pande nne.

Tufike sasa kwenye neno ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni jina la kazi yenyewe. Wenye lugha za Ulaya huiita kwa neno lililotungwa kutokana na Kigiriki, "orthos", yaani nyoofu, na neno jingine lenye maana ya jino. Wafasiri wetu wamelifuata neno kwa neno, wakapata "unyooshaji wa meno". Sarufi haina kosa, lakini maana ina upungufu, kwa kuwa jina la kazi ndilo linalomwambia mtu kazi hiyo inakwisha lini. Waya mwembamba wa mwanzo hufanya kazi yake mbele ya macho ya watu. Baada ya miezi michache, meno ya mbele yaliyokuwa yamepandana hukaa katika mstari. Mtoto akicheka, safu imenyooka. Mzazi aliyeambiwa kwamba mwanawe ananyooshwa meno ana haki ya kusema: yamenyooka, vitolewe vyuma. Nauli na gharama za kwenda hospitali zinamsukuma aseme hivyo, na karatasi aliyoitia saini inamuunga mkono. Lakini kwa daktari, nusu ya kazi bado. Meno ya juu bado hayajakutana na ya chini inavyopasa. Mizizi haijasimama mahali pake. Na meno yaliyoachwa katika hali hiyo yana tabia ya kurudi yalikotoka.

Kwa hiyo tunapendekeza kazi hii iitwe upangaji wa meno, na mtaalamu wake daktari wa upangaji wa meno. Kupanga ni zaidi ya kunyoosha. Mtu hupanga vitu kwa kuviangalia vinavyohusiana, na hapa ndipo linapohitajika neno la namna meno ya juu yanavyokutana na ya chini mtu afungapo kinywa.

Wengine wametumia "mng'ato" au "uumaji". Maneno haya yanataja tendo la kuuma kitu, kama mtu aumavyo mkate, ilhali kinachokusudiwa ni hali ya meno yenyewe kwa yenyewe, hata kama hakuna kitu kati yao. Katika Kiswahili tuna kitenzi cha kufumba, ambacho hutumika kwa macho na kwa kinywa. Vitu viwili vikifumbiana huwa vinafumbana. Tunapendekeza mfumbano wa meno, au kwa ufupi mfumbano. Anayesema kwamba mtoto ana mfumbano usio sawa amekwisha kusema kwamba tatizo liko baina ya mataya mawili, wala si katika safu moja.

Angle huyo huyo, mwaka 1899, ndiye aliyetoa njia ya kuigawa mifumbano ambayo hutumika hadi leo. Alilichukua gego la kwanza la kudumu, lile linaloota mtoto anapofikia kiasi cha miaka 6, akalifanya kuwa alama yake. Gego lina vilele na mabonde juu yake, na hapa hatuna haja ya kuazima chochote, maana maneno ya jiografia yanatosha. Katika mfumbano ulio sawa, kilele cha mbele cha gego la juu, upande wa shavu, huangukia katika bonde la upande wa shavu la gego la chini. Hilo ni daraja la kwanza. Gego la chini likiwa limebaki nyuma, ni daraja la pili; likiwa limetangulia mbele, ni daraja la tatu. Mwalimu anayetaka kulieleza jambo hili darasani aweza kuzitumia ngumi zake mbili, akivitia vifundo vya mkono mmoja katika mabonde ya mwingine, kisha akausogeza mmoja kifundo kimoja nyuma.

Kuna vipimo viwili vingine ambavyo katika tafsiri huchanganywa mno. Cha kwanza ni umbali ambao meno ya mbele ya juu yametokeza mbele ya yale ya chini. Cha pili ni kiasi ambacho ya juu yameyafunika ya chini. Katika karatasi moja tumeona vyote viwili vikiitwa "meno ya juu kuzidi". Tunapendekeza mchomozo kwa kile cha kwanza na mfuniko kwa cha pili. Mtoto aweza kuwa na mchomozo mkubwa bila mfuniko wowote, kama ilivyo mara nyingi kwa wale waliodumu kunyonya kidole.

Mwaka 1972 Lawrence F. Andrews, naye wa Marekani, alichapisha uchunguzi wake wa vielelezo 120 vya plasta vya watu ambao mifumbano yao ilikuwa mizuri bila kutibiwa kamwe. Alitafuta walilokuwa nalo sawa watu wale wote, akapata mambo 6: jinsi magego yanavyokutana, kuegama kwa kila jino, kuinama kwake, kutokuwapo kwa jino lililogeuka, kutokuwapo kwa mianya, na uwanda wa kufumbia ambao ni sawa au umebonyea kidogo tu. Msomaji ataona kwamba safu kunyooka kwa macho haikutajwa peke yake popote.

Tumetumia maneno kuegama na kuinama, na tofauti yake tunaiomba izingatiwe. Jino laweza kulala kwa namna mbili. Laweza kumlalia jirani yake katika safu, kama abiria aliyesinzia anavyomwegamia mwenzake katika basi. Huo ni mwegamo. Au laweza kulalia upande wa midomo au upande wa ulimi, kama mtu ainamapo mbele au ajitupapo nyuma. Huo ni mwinamo. Na likizunguka juu ya mhimili wake mwenyewe, ni mgeuko. Lugha ya wataalamu wa Kiingereza hutumia neno moja la fizikia kwa maana ya mwinamo na pia kwa nguvu ya waya inayouleta, jambo ambalo huwatatiza hata wanafunzi wao. Sisi hatuna sababu ya kuurithi mchafuko huo. Hali ya jino iwe mwinamo. Nguvu inayosababisha hali hiyo iwe msokoto.

Tofauti hizi si za kupendezesha kamusi. Kabla ya Andrews, vishikio vya meno yote vilikuwa na mfuo wa namna moja, na daktari alilazimika kuupinda waya kwa koleo mbele ya kila jino ili kupata mwegamo na mwinamo wake. Andrews aliviingiza vipimo hivyo ndani ya kishikio chenyewe. Kishikio cha jino la kati la juu alikipa mwegamo wa digrii 5 na mwinamo wa digrii 7 kuelekea midomo. Cha chonge la juu, mwegamo wa digrii 11 na mwinamo wa digrii 7 kuelekea ulimi. (Twasema digrii, ingawa "nyuzi" hutumika vema katika hisabati, kwa kuwa katika maelezo yaliyojaa waya na kamba msomaji atapotea.) Hivyo kila jino lina kishikio chake, na waya waweza kupita ukiwa laini, bila mikunjo. Matokeo yake ni kwamba usahihi umehamia kwenye kubandika. Kishikio kilichobandikwa kikiwa kimeinuka upande mmoja kwa digrii 5 kitalifikisha jino kwenye kosa la digrii 5, kwa uaminifu ule ule ambao kingelifikisha kwenye usahihi. Karani aliyeandika katika fomu ya stoo "vishikio 20, aina moja" amemtia daktari katika taabu ambayo labda hataijua.

Wala usahihi huo si kamili. Waya wa inchi 0.019 kwa 0.025 katika mfuo wa inchi 0.022 una nafasi. Mafundi wetu wangesema "unacheza", na hatuoni haja ya neno jingine. Unacheza kiasi cha digrii 10 kila upande kabla haujaanza kusokota. Kwa hiyo nambari iliyoandikwa juu ya kishikio si ahadi, na mfasiri asiandike kwamba kishikio "kinaliweka" jino katika digrii 7. Aandike kwamba "kimekusudiwa".

Juu ya kubandika hatuna mengi. Zamani kila jino lilivishwa pete ya chuma na kishikio kikaunganishwa na pete hiyo. Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba enameli ikipakwa asidi hukwaruzika, na gundi ikapata pa kushika. Tangu miaka ya 1960 na 1970 vishikio vikaanza kubandikwa moja kwa moja. Tuliite jambo hilo kukwaruza kwa asidi, ila katika karatasi ya mgonjwa maelezo yafuate mara moja, kwamba hakuna maumivu, kwani neno "asidi" laweza kumfukuza mtu kitini. Kwa wasomaji wa Arusha na Kilimanjaro, ambako maji ya sehemu nyingi yana floridi kwa wingi na meno huwa na madoa ya kahawia, inafaa ijulikane kwamba enameli ya namna hiyo hukaidi asidi, na vishikio hubanduka kwa urahisi zaidi. Karatasi iliyotafsiriwa kutoka Ulaya haitalisema hilo.

Limebaki neno ambalo halitaki kuundwa bali kuheshimiwa, nalo ni mwanya. Kiswahili kinatofautisha mwanya, ambao ni nafasi ya asili baina ya meno, na pengo, ambalo ni mahali pa jino lililong'oka. Fomu tulizoziona huyaweka yote mawili chini ya kichwa cha "kasoro". Pengo sawa. Lakini mwanya wa meno ya mbele ya juu ni pambo kwa watu wetu wengi, na malenga hawakuacha kuusifu. Andrews aliuhesabu kuwa upungufu, kwa kuwa vielelezo vyake havikuwa nao. Hayo ni maelezo ya vielelezo vyake. Tunapendekeza kichwa hicho kibadilishwe kiwe "hali ya meno", na fomu iwe na swali linalomtaka mwenye mwanya aseme kama anataka uzibwe. Tukiandika "kasoro", swali hilo haliulizwi.

Mwisho kuna kile chombo kinachovaliwa baada ya vishikio kutolewa, ili meno yasirudi yalikotoka. Tumeletewa "kizuizi" na "kidumishi". Hilo la kwanza linatumika kwa mambo mengi mno, hata barabarani. Tunaelekea kulichagua la pili, kwa kuwa mgonjwa huambiwa akivae kwa muda mrefu sana, usiku hasa, na neno linalotokana na kudumu linamkumbusha hivyo. Lakini mwalimu mmoja ametuuliza kama "kidumishi" hakitadhaniwa kuwa dawa ya kuhifadhia vyakula. Hatujaliamua, na tungependa kusikia kutoka kwa wasomaji, hasa walio katika hospitali, ni neno gani wagonjwa wenyewe wanalolitumia.